Epiousios: Mofolojia, Ushahidi na Tafsiri ya Neno Moja la Kigiriki katika Sala ya Bwana

1.0 Utangulizi

Wakristo wasemao Kiswahili hawaombi kitu kimoja wanapofika katikati ya Sala ya Bwana. Wakatoliki huomba mkate, nao hufafanuliwa kwa kirai "wa kila siku". Wale wanaofuata Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 huomba "riziki", bila ufafanuzi wowote zaidi ya kimilikishi. Biblia Habari Njema, iliyotolewa katika miaka ya 1990, inataja katika Mathayo chakula "tunachohitaji". Tofauti hizi si za mtindo tu. Chanzo chake ni kivumishi kimoja cha Kigiriki, epiousios, ambacho hufafanua nomino artos, yaani 'mkate', katika Mathayo 6:11 na Luka 11:3.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini maana ya kivumishi hicho imebishaniwa kwa takribani miaka 1800, na ni ushahidi wa aina gani unaoweza kutumika kuutatua ubishi huo. Tunadai kwamba mofolojia ya neno inaelekea upande mmoja kwa nguvu zaidi kuliko vitabu vingi vya ufafanuzi vinavyokubali, yaani upande wa 'siku inayokuja'. Hata hivyo, tunadai pia kwamba dhana hiyo ya 'siku inayokuja' ni pana kuliko neno letu "kesho", na kwamba Kiswahili kina njia yake cha kuieleza ambayo wafasiri hawajaitumia. Suala la uhusiano wa mkate huu na ekaristi tunawaachia wanateolojia.

2.0 Neno Lisilo na Matumizi

Mtu wa kwanza tunayemjua kulalamika juu ya neno hili ni Origen wa Alexandria (takriban 185–254 BK). Katika risala yake kuhusu sala, iliyoandikwa kiasi cha mwaka 233, anasema kuwa neno epiousios halikutumiwa na mtaalamu yeyote wa Kigiriki, wala halikuwamo katika usemi wa watu wasio na elimu. Kwa maoni yake, lilibuniwa na wainjili. Analilinganisha na maneno yaliyoundwa na wafasiri wa maandiko ya Kiebrania, kama vile kitenzi enotizesthai, 'kutega sikio', kilichotokana na ous, 'sikio'.

Kauli hii inastahili kuzingatiwa sana. Origen alizaliwa na kulelewa katika mji uliokuwa kitovu cha elimu ya Kigiriki, mji wenye maktaba na wahakiki wa matini. Kigiriki kilikuwa lugha yake. Ikiwa mtu wa namna hiyo hakulijua neno, basi kujua lugha tangu utotoni hakumsaidii mtu pale ambapo matumizi hayapo. Waliomfuata wanathibitisha jambo hilo. Gregory wa Nyssa alilichukua neno kuwa linahusu kile kinachohitajiwa na mwili ili uendelee kuwapo. Cyril wa Jerusalem akalifasiri kuhusu uhai wa nafsi. John Chrysostom akasema ni mkate wa siku moja. Wote walikuwa Wagiriki kwa lugha, na hawakupatana. Wenzetu waliohariri miswada ya tenzi za kale iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu wanaifahamu hali hii vizuri: mzee wa Lamu au Pate anaweza kulisoma neno bila kigugumizi, na bado asiweze kusema lina maana gani.

Nje ya Injili mbili, neno hili linapatikana katika Didake, kitabu kidogo cha mafundisho ya kanisa la awali, ambacho muswada wake uligunduliwa na Philotheos Bryennios mjini Constantinople mwaka 1873 na kuchapishwa mwaka 1883. Lakini sura ya 8 ya Didake inainukuu sala yenyewe, kwa hiyo haitupi muktadha mpya. Ni shahidi yuleyule aliyeitwa mara ya tatu.

3.0 Hoja ya Mofolojia

Pale ambapo muktadha umekosekana, mwanaisimu hugeukia umbo. Kuhusu epiousios, pana njia mbili kuu za kulichanganua.

Njia ya kwanza, ambayo Origen mwenyewe aliipendelea, hugawa neno kuwa epi + ousia + -os. Nomino ousia ina maana ya 'kuwapo' au 'kiini', nayo hutokana na kitenzi einai, 'kuwa'. Kwa uchanganuzi huu mkate ni ule 'unaohitajiwa kwa kuwapo' au, kwa mkazo wa kifalsafa, 'unaofaa kiini'. Tawi jingine la njia hiihii, lililotetewa na Albert Debrunner, huliona neno kuwa limetokana na kirai chenye maana ya 'kwa ajili ya siku iliyopo', bado likitegemea kitenzi 'kuwa'.

Tatizo lake ni la kifonolojia. Kiambishi epi- hudondosha irabu yake ya mwisho kinapokutana na irabu nyingine. Tungetarajia epousios, na siyo epiousios. Watetezi wa njia hii hujibu kuwa yapo maneno yanayoihifadhi irabu hiyo, na mfano wanaoupenda ni epieikes, 'mwenye kiasi, mpole'. Mfano huu unavunja hoja yao badala ya kuijenga. Shina la epieikes lilianza hapo kale kwa konsonanti w, ambayo ilipotea baadaye katika lahaja nyingi za Kigiriki. Irabu ya epi- haikudondoshwa kwa sababu, neno lilipoundwa, haikuwa imekutana na irabu.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali ili kuliona jambo hili. Kiambishi ki- cha ngeli ya 7 hugeuka kuwa ch- mbele ya mashina mengi yanayoanza kwa irabu: chombo, choo, cheo. Mbona basi tunasema kiatu, na hatusemi "chatu" (ambaye ni mnyama mwingine kabisa)? Jibu linapatikana tukiitazama Gikuyu, ambako neno ni kĩratũ. Shina lilikuwa na konsonanti iliyotoweka katika Kiswahili, na i ya ki- imebaki kama alama ya konsonanti hiyo, mithili ya shimo la nguzo mahali palipokuwa na nyumba. Anayetumia kiatu kuthibitisha kuwa ki- hubaki ilivyo mbele ya irabu atakuwa amekosea kwa namna ileile ya anayemtumia epieikes. Shina la ousia halikuwahi kuwa na w mwanzoni.

Origen alitumia pia mlinganisho wa periousios, neno linalopatikana katika tafsiri ya Kigiriki ya Kutoka 19:5 kwa maana ya watu walio mali ya pekee. Mlinganisho huu umerudiwa mara nyingi na kwa sura unavutia. Lakini peri-, tofauti na epi-, haidondoshi irabu yake mbele ya irabu nyingine katika Kigiriki cha kawaida. Kwa hiyo periousios haituelezi lolote kuhusu kile ambacho epi- ingefanya.

Njia ya pili hulitazama neno kuwa limetokana na kitenzi epienai, 'kujia, kufuatia', ambacho kimeundwa kwa epi- na ienai, 'kwenda'. Kitenzi hiki cha pili shina lake lina i yake lenyewe. Tunapopata umbo endelevu la kike epiousa, 'inayokuja', irabu ya epi- imekwisha kudondoshwa kama kanuni inavyotaka, na i tunayoiona ni ya kitenzi. Hakuna kanuni iliyovunjwa, na hakuna haja ya kutafuta vighairi.

Umbo hili epiousa halihitaji kubuniwa na mchanganuzi. Linatumika katika Matendo ya Mitume mara tano (7:26, 16:11, 20:15, 21:18, 23:11), kila mara kuhusu siku au usiku unaofuata, na katika baadhi ya mahali hapo nomino 'siku' imeachwa kwa sababu msomaji anaielewa. Tafsiri ya Kigiriki ya Mithali 27:1 hulitumia vivyo hivyo, peke yake, kuhusu siku ambayo mtu hajui itazaa nini. Tuna basi neno lililokuwa limekwisha kuwa nomino katika Kigiriki cha Wayahudi. Kuliongezea kiambishi tamati -ios ili kupata kivumishi ni hatua ndogo, na ina vielelezo: kutokana na hekon, 'mwenye kutaka', tunapata hekousios, 'wa hiari'; kutokana na ethelon, wenye maana ya karibu na hiyo, tunapata ethelousios. Epiousios linakaa safu moja na hayo bila kusukumana.

J. B. Lightfoot alizipanga hoja nyingi za namna hii mwaka 1871, katika kitabu chake kuhusu marekebisho ya Agano Jipya la Kiingereza. Inashangaza kiasi kwamba baada ya muda huo wote ufafanuzi wa 'kuwapo' bado huwekwa mbele kana kwamba njia hizi mbili zina uzito sawa. Hazina.

4.0 Karatasi ya Hawara

Kwa muda mrefu palikuwa na ushahidi mwingine ulioaminiwa kumaliza ubishi, na kisa chake kina mafunzo kwa yeyote anayeandika au kutumia kamusi. Wakati wa uchimbaji wa Flinders Petrie huko Hawara, katika jimbo la Fayum nchini Misri, ilipatikana karatasi ya mafunjo yenye orodha ya matumizi. A. H. Sayce aliinakili, na nakala yake ikachapishwa mwaka 1889. Katika mstari mmoja alisoma herufi epiousi-, zikifuatana na kiasi kidogo cha fedha. Friedrich Preisigke akaiingiza matini hiyo katika mkusanyo wake wa mwaka 1915, na mwaka 1925 Debrunner akaitangaza kwa wataalamu wa Agano Jipya.

Furaha ilikuwa kubwa. Neno ambalo Origen hakulijua lilionekana sasa kuwa la jikoni na sokoni. Lililinganishwa na neno la Kilatini diaria, posho ya siku waliyopewa watumwa na askari, na wengi wakaona kwamba maana ya 'posho ya siku' imethibitishwa. Kidahizo kikaingia kamusini pamoja na rejea yake. Kutoka hapo kikapita kwenye vitabu vya ufafanuzi, na kutoka kwenye vitabu hivyo kikafika madarasani. Mwandishi wa makala haya naye aliwahi kuwaandikia wanafunzi wake ubaoni, kwa kujiamini, kwamba neno hili si pekee tena.

Hakuna aliyekuwa ameiona karatasi. Mwaka 1957 Bruce Metzger aliuliza swali rahisi katika makala yake: neno hili linapatikana mara ngapi nje ya Sala ya Bwana? Alionyesha kuwa karatasi haikujulikana iliko na kwamba Sayce hakuwa mnakili wa kutegemewa sana. Mnamo 1998 karatasi ilipatikana katika Maktaba ya Beinecke ya Chuo Kikuu cha Yale, na mwaka 1999 M. Nijman na K. A. Worp walichapisha usomaji mpya. Neno lililoandikwa pale ni elaiou, 'ya mafuta'. Mwenye orodha alikuwa amenunua mafuta.

Kwa hiyo tumerudi alipokuwa Origen. Tofauti ni kwamba sisi tuna maelfu ya karatasi za mafunjo ambazo yeye hakuwa nazo, na katika hizo zote neno halimo. Nadharia kwamba lilikuwa neno la kawaida la mitaani, ambalo kwa bahati mbaya halikuandikwa, inazidi kudhoofu kila karatasi mpya inapochapishwa.

5.0 Mashahidi wa Tafsiri za Kale

Tafsiri za kale haziwezi kututhibitishia asili ya neno, lakini hutuonyesha lilivyoeleweka katika jumuiya zilizoisali sala hii mapema. Kilatini cha kale kilitumia quotidianum, 'wa kila siku'. Jerome alipozirekebisha Injili za Kilatini kiasi cha mwaka 383, aliliacha neno hilo katika Luka, lakini katika Mathayo akaweka supersubstantialem, 'upitao kiini', neno alilolifinyanga sehemu kwa sehemu kufuata epi + ousia. Kivumishi kimoja katika sala moja kikawa na sura mbili. Waumini walishikilia quotidianum katika ibada, na kirai "wa kila siku" tulicho nacho katika Kiswahili ni mjukuu wa neno hilo la Kilatini. Siyo mtoto wa neno la Kigiriki.

Jerome huyohuyo, katika ufafanuzi wake wa Mathayo wa mwaka 398, anaeleza kuwa katika Injili iitwayo ya Waebrania alikuta neno mahar, lenye maana ya 'kesho'. Taarifa hii ni nzito. Inawezekana injili hiyo ilifasiriwa kutoka katika Mathayo ya Kigiriki. Hata hivyo, Mkristo wa Kiyahudi aliyeisali sala hii kila siku kwa lugha yake hangeacha maneno ya kinywani mwake ili kufuata kitendawili cha Kigiriki. Kikoptiki cha kaskazini mwa Misri nacho kina 'wa kesho', na kile cha kusini kina 'unaokuja'. Kisiria kimegawanyika: tafsiri ya kale ina neno lenye maana ya 'wa daima', ilhali Peshitta ina 'wa mahitaji yetu', ambayo iko karibu na Biblia Habari Njema yetu.

Pana pingamizi la kimuktadha dhidi ya 'kesho', nalo ni la haki. Katika sura ileile ya Mathayo, aya ya 34, wasikilizaji wanakatazwa kuisumbukia kesho. Itakuwaje waambiwe waiombee? Pingamizi hili lina nguvu kidogo kuliko linavyoonekana, kwa kuwa anayeomba ni yule anayeutua mzigo, wala si yule anayeubeba. Lakini jibu lililo bora zaidi ni la kisemantiki.

Epiousa haina maana ya 'kesho' kwa jinsi tunavyolitumia neno hilo. Katika Kriton ya Plato, kabla ya mapambazuko, Sokrates akiwa gerezani anazungumzia siku ambayo meli kutoka Delos itafika. Anatofautisha kati ya he epiousa, siku ambayo iko karibu kupambazuka, na ile nyingine inayoifuata. Akiwa bado gizani, epiousa kwake ni siku ileile ambayo sisi, saa chache baadaye, tungeiita leo. Neno hutegemea saa ya msemaji: alfajiri ni siku inayoanza, jioni ni siku ya pili yake. Didake inaagiza sala hii isaliwe mara tatu kila siku. Kivumishi chenye maana ya 'kesho' tu, au 'leo' tu, kingekuwa sahihi katika baadhi ya saa hizo na kupotoka katika nyingine.

Tena, kama kivumishi kingekuwa na maana ya 'wa kila siku', sentensi ya Luka ingekuwa imerudia jambo, kwani Luka amekwisha kuweka kirai kath' hemeran, 'siku kwa siku', na kitenzi chake kiko katika hali ya kuendelea. Mathayo naye ana semeron, 'leo', na kitenzi cha tendo la mara moja. Katika Injili zote mbili nafasi ya 'lini utupe' imekwisha kujazwa. Kivumishi kinajibu swali jingine: mkate upi.

6.0 Kuamkia, Riziki na Kazi ya Mfasiri

Kiswahili kina neno linalofanana kwa ukaribu na epiousa, nalo ni "kuamkia". Mwambao wa Afrika Mashariki, kama ilivyokuwa kwa Wayahudi, siku huanza magharibi. Kwa hiyo usiku wa Ijumaa kwa mtu wa Mombasa au Unguja ni ule ambao wengine wangeuita usiku wa Alhamisi. Ili kuondoa utata, wasemaji na watangazaji wa redio husema "usiku wa kuamkia Ijumaa". Siku tunayoiamkia ni siku inayotujia, iwe tumesimama jioni au alfajiri. Haitegemei kalenda bali mahali aliposimama msemaji, na hiyo ndiyo tabia ya epiousa. Chakula "cha siku tunayoiamkia" kingembebea mfasiri maana hiyo bila kumlazimisha kuchagua kati ya leo na kesho. Maneno ni marefu kwa sala ya kukariri, hilo tunakubali.

Lakini umaskini wa "riziki" isiyo na kivumishi si mkubwa kama inavyodhaniwa. Ni rahisi kuwalaumu wafasiri wa Muungano kwamba walilikimbia neno gumu. Nomino waliyoichagua ina maana ya fungu alilokadiriwa mtu na Mungu. Husemwa "haikuwa riziki yake" hata kuhusu kitu kilichokuwa tayari mezani. Artos peke yake haina dhana hiyo ya kukadiriwa. Karl Roehl, aliyeikamilisha Biblia yake mwaka 1937 kwa nia ya kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu, alikuwa na kanuni iliyomnyima hazina za aina hii.

Hapa kuna kishawishi ambacho tunapaswa kukitaja. Riziki ni rizq ya Kiarabu, na wanaisimu wengi hukubali kuwa rizq ilitokana na Kiajemi cha Kati, rozig, 'posho ya siku', kutokana na roz, 'siku'. Ni mzizi uleule tunaousikia katika Nairuzi, 'siku mpya'. Mtu anaweza basi kutangaza kuwa wafasiri, pasipo kujua, walikirudisha kivumishi kilichopotea ndani ya nomino yenyewe. Ni jambo la kupendeza, na halina thamani ya ushahidi. Hakuna mvuvi wa Bagamoyo anayesikia 'siku' anapotamka riziki, na maana haikai mahali ambapo wasemaji hawaisikii. Ndiyo maana hata mofolojia ya epiousios, kwa nguvu zake zote, isingetutosha kama isingekuwapo epiousa iliyo hai katika Matendo, katika Mithali na katika kinywa cha Sokrates.

Wahariri wa matoleo yajayo wanaweza kuiacha riziki mahali pake katika Mathayo na kuweka tanbihi fupi kwamba Kigiriki kinaitaja siku inayokuja. Katika Luka tanbihi hiyo itabidi iandikwe kwa namna tofauti kidogo, kwa sababu kule "siku kwa siku" imekwisha kusema nusu ya jambo.